Wasomaji Wanauliza: Miwani Kumi kwa Wanafunzi 180

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu uhalisia pepe, yaani teknolojia ya kumvalisha mtu miwani inayomfunika macho na kumwonyesha mahali ambapo hayupo, na ndugu yake, uhalisia ulioboreshwa, ambao humwachia mtu mazingira yake na kuyaongezea picha juu yake. Barua zote tatu zimetoka vyuo vikuu.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha anatomia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari. Mkuu wa idara ametuarifu kwamba zimepatikana fedha za kununua miwani kumi ya uhalisia pepe, na ameniagiza niandae andiko la namna tutakavyoitumia kuanzia muhula ujao. Darasa langu lina wanafunzi 180. Wenzangu wawili wamekwisha kuanza kusema kwamba sasa tutaachana na chumba cha kupasulia maiti. Je, niandike nini? – Mhadhiri, Mwanza

JIBU: Ndugu Mhadhiri, kabla ya kuandika neno lolote kuhusu ufundishaji, chukua karatasi upige hesabu. Wanafunzi 180 kwa miwani kumi ni zamu 18. Ukimpa kila mmoja dakika 15 za kuangalia, na dakika tano za kuvua, kufuta, kukaza mikanda na kumwelekeza anayefuata, zamu moja ni dakika 20, na zamu zote ni saa sita. Betri ya miwani ya kawaida inayojitegemea bila kompyuta hudumu saa mbili hadi tatu, kwa hiyo nusu ya siku hiyo miwani yako itakuwa ukutani inachajiwa.

Dakika hizo tano sikuzitia kwa kukisia. Nimesimamia vipindi vya aina hii, na kazi yangu kubwa haikuwa kufundisha bali kukaza mikanda. Mwanafunzi mwenye hijabu anataka mkanda ulegezwe na nguo isiteleze. Mwenye rasta nene hawezi kuuvaa kabisa mpaka mkanda wa juu ufunguliwe. Mwenye miwani ya macho anaogopa kukwaruza lenzi za pande zote mbili, na hofu yake ni ya haki. Chumba kikiwa na joto, lenzi hupata ukungu wa jasho baada ya dakika chache, na msaidizi wa maabara asiyeonywa atazifuta kwa spiriti, jambo ambalo huharibu utando wa lenzi, ilhali kitambaa laini kikavu kinatosha.

Sasa tuje kwenye elimu yenyewe. Mwaka 2019 Guido Makransky na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha wanafunzi 52 wa chuo kikuu, ambao walifanya zoezi lile lile la maabara ya kuigwa, wengine kwenye skrini ya kompyuta na wengine ndani ya miwani. Waliovaa miwani walijihisi wapo maabara kweli kweli, lakini walijifunza kidogo kuliko wenzao wa skrini, na vipimo vya mawimbi ya ubongo vilionyesha kwamba akili zao zilikuwa zimelemewa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Jocelyn Parong na Richard Mayer wa Santa Barbara, California, walikuwa wamepata jambo linalofanana na hilo: somo la baiolojia lilieleweka vizuri zaidi kwa slaidi za kawaida kuliko kwa safari ya uhalisia pepe. Hata hivyo, walipoikata safari hiyo vipande vipande na kumtaka mwanafunzi aandike muhtasari kila baada ya kipande, matokeo yake yalipanda. Hilo la muhtasari ndilo ningeliweka katika ukurasa wa kwanza wa andiko lako, kwa sababu halina gharama yoyote na ndilo linalosahaulika upesi.

Usije ukadhani kwamba naipinga teknolojia hii. Katika ufundi wa mikono ushahidi wake ni wa siku nyingi. Mwaka 2002 Neal Seymour na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo ya madaktari 16 waliokuwa wakisomea upasuaji, ambao baadhi yao walifanya mazoezi kwa kifaa cha kuiga upasuaji wa matundu madogo kabla ya kuondoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa halisi. Waliofanya mazoezi hayo walimaliza kazi yao ya kutenganisha mfuko huo kwa kasi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 29, na wale ambao hawakuyafanya walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kuujeruhi mfuko au kuunguza mahali pasipohusika. Angalia mambo mawili yasiyotajwa na wauzaji. Kifaa kile kilikuwa na mishikio ya vyombo vya upasuaji na skrini ya kawaida, wala hakuna aliyevaa chochote kichwani. Tena mazoezi hayakupimwa kwa saa. Kila mmoja aliendelea mpaka akafikia kiwango kilichowekwa na wapasuaji wazoefu.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: je, mada hii inamtaka mwanafunzi aone kina na uelekeo, au atende jambo kwa mikono, ambalo hawezi kulipata kwa njia rahisi zaidi? Vyumba vya moyo, mirija ya nyongo na njia za maji ya ubongo ni mada zinazofaa, kwa sababu picha bapa ya kitabuni huzipotosha. Majina ya misuli ya mkono hayahitaji miwani. Yanahitaji mwanafunzi akeshe. Chagua mada tatu kwa muhula mzima, uwagawe wanafunzi katika vikundi vya ishirini, na kila miwani ipewe watu wawili: mmoja avae, mwenzake afuate kwenye skrini anachokiona na kumwuliza maswali kutoka karatasi uliyoiandaa, kisha wabadilishane na kuandika muhtasari.

Kuhusu chumba cha maiti, wenzako wanakimbilia mbali. Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Cleveland, Marekani, kimefundisha anatomia kwa miwani ya HoloLens ya uhalisia ulioboreshwa kwa miaka kadhaa, na faida yake ilionekana hasa katika kumzungusha mwanafunzi kwenye mwili mzima bila kuukata. Lakini ndani ya miwani neva huwa ya njano, safi, ipo pale pale ilipo kitabuni. Kwenye mwili wa kweli imezama katika mafuta, ina rangi inayokaribiana na ya kila kilichoizunguka, na pengine imepita njia yake yenyewe. Daktari ataitafuta hiyo ya pili.

Neno la mwisho kwa andiko lako ni bajeti. Microsoft ilisitisha utengenezaji wa HoloLens 2 mwaka 2024, na Google ilifunga programu yake ya Expeditions, iliyotumika madarasani kwa safari za kuigwa, mwaka 2021. Tenga fedha za leseni za kila mwaka, na usinunue masomo ambayo hayafunguki popote isipokuwa kwenye chombo cha kampuni moja.

SWALI: Nasoma uhandisi mwaka wa tatu. Kila tukivaa miwani maabara napata kichefuchefu, na mhadhiri anasema nitazoea. Naogopa kupoteza alama. – Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Mdogo wangu, si uoga wako. Macho yanauambia ubongo kwamba unatembea, na sikio la ndani, linalopima mwendo, linasema umekaa kitini. Mgongano huo ndio unaokutapisha. Wapo wanaozoea, lakini hawazoei kwa kujilazimisha. Vua mara tu dalili inapoanza, pumzika mpaka iishe kabisa, na siku nyingine anza na dakika tano ukiwa umekaa. Hakikisha umbali kati ya lenzi umerekebishwa ulingane na wa mboni zako, na kama programu inaruhusu, chagua kuhama kwa kuruka kutoka mahali hadi mahali badala ya kuteleza kwa kijiti cha kuongozea. Usipande bodaboda kama dereva kabla kichwa hakijatulia. Kuhusu alama, mwombe mhadhiri kwa maandishi zoezi hilo hilo ulifanye kwenye skrini. Utafiti wa 2019 nilioutaja hapo juu unakupa hoja ya kumwonyesha.

SWALI: Idara yetu ya jiografia haina fedha za miwani hata moja. Je, tumeachwa nyuma? – Mwalimu, Iringa

JIBU: Mwalimu, huenda ninyi ndio mtakaofaidi. Oliver Kreylos wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ametoa bure programu ya sanduku la mchanga la uhalisia ulioboreshwa. Fundi seremala anawatengenezea sanduku la mita moja kwa sentimita 75. Juu yake, kama mita moja kutoka kwenye mchanga, mnaning'iniza Kinect, kamera ya Microsoft inayopima umbali, na projekta, vyote vikiunganishwa na kompyuta inayotumia mfumo wa Linux na yenye kadi nzuri ya picha. Kamera inapima urefu wa mchanga, na projekta inaupaka rangi na kuuchorea kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, papo hapo. Mwanafunzi akikusanya mlima kwa viganja, kontua zinasongamana mbele ya macho yake. Akichimba bonde zinafuata. Akitandaza mkono juu ya mlima, mvua ya kuigwa inanyesha na maji yanatiririka kuelekea bondeni. Darasa la watu kumi linazunguka sanduku moja na kubishana mto utapita wapi, bila mtu kufungwa macho.

Kinect haitengenezwi tena, hivyo tafuteni iliyokwisha kutumika. Mchanga uwe mweupe na laini, kwa kuwa mweusi humeza mwanga wa projekta, na chumba kiwe na mapazia mazito.