Mbali naona mpaka Manda, sindano ndiyo siioni: je, miwani itaniharibu macho?

SWALI: Assalam alaykum daktari. Niko Lamu mtaa wa Langoni, umri miaka 47, kazi yangu kushona kofia za mkono tangu ujana. Toka mwaka jana hivi kutunga uzi kwenye sindano imekuwa shida, mpaka nimwite mtoto anitungie, na vitundu vya kofia nyeupe vinanichanganyikia hasa ikishaingia magharibi. Simu naisogeza mbali mpaka mkono unaisha. Lakini mbali naona sawasawa, nikikaa forodhani naona mpaka ng'ambo Manda na boti ikija naijua ya nani. Nilinunua miwani ya kutembeza ya +3.00, mwenzangu alinambia chukua kubwa usije ukanunua mara mbili, nikiivaa naona kazi lakini lazima niinamie pua iguse kitambaa, na nikiinua kichwa naona kizunguzungu. Wazee nao wananambia ukishaanza miwani macho yanafanya uvivu, hutoivua tena. Naomba kitaalamu: huu ni ugonjwa? Namba yangu ni ngapi? Hakuna matone au mazoezi nikarudi kama zamani? Na zile bifokali, za kioo cha juu cha mbali na cha chini cha karibu, je? – Mshona kofia, Lamu

JIBU: Waalaykum salam kaka. Kwanza nitoe jambo moja njiani, mimi si daktari, ni mpima macho, anayepasua na kutibu ni daktari wa macho na mimi nikiona jambo lisilo langu namtuma mtu kwake. Swali lako hapa Malindi nalipata sana, kwa mafundi cherehani, walimu wa madrasa, wasusi, mafundi simu, wote wana umri wako huohuo na wote wanaanza na hilohilo la "mbali naona". Sasa hilo la mbali kuona ndilo linalonipa picha ya kwanza, manake mtu wa 47 anayeona mbali vizuri macho yote mawili alafu karibu pakamtoka polepole kwa mwaka mzima, mara nyingi si ugonjwa, ni umri. Vitabuni inaitwa presbayopia na inampata kila mtu, tajiri na maskini, aliyesoma na asiyesoma, tofauti ni mwaka tu wa kuanza. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yao ya 2019 walisema watu wenye hali hii ni kama bilioni 1.8, kwa hivo usijione umelogwa peke yako.

Kinachotokea ni hivi. Nyuma ya mboni kuna lenzi, laini, imezungukwa na msuli mdogo wa duara. Ukiangalia mbali msuli unapumzika na lenzi inakaa bapa, ukiangalia karibu msuli unakaza na lenzi inavimba, nguvu yake inaongezeka na ile sindano inakuwa wazi. Ukiwa mtoto hii inafanyika bila wewe kujua. Lakini lenzi inaendelea kukua maisha yote, inajaza tabaka juu ya tabaka na kukauka, ikifika arubaini na kitu ni kama mpira wa manati uliokaa juani, msuli bado unavuta lakini lenzi haivimbi tena vile. Ndo maana mbali hakujaharibika kitu, kule lenzi haihitaji kuvimba.

Umeuliza namba, na hapa ntakaa kidogo manake ndipo watu wengi wanapopotea. Nguvu ya lenzi tunaihesabu kwa daiopta, na hesabu yake si ngumu: chukua 100 ugawanye kwa umbali wa kitu kwa sentimita. Kitu kikiwa sentimita 50 jicho linahitaji daiopta 2, kikiwa 25 linahitaji 4. Mtoto wa miaka 10 ana akiba ya kama 14, anaweza kusoma kitu kiko sentimita 7 kutoka jichoni na asihisi lolote. Mtu wa 47 kabakiwa na 4 hivi, wengine 3 tu. Alafu hata hiyo iliyobaki huwezi kuitumia yote mchana kutwa, utaumwa na kichwa, kwa kawaida mtu anafanya kazi kwa raha akitumia nusu yake. Nusu ya 4 ni 2, yaani bila miwani raha yako inaishia sentimita 50, na huko ndiko unakoipeleka simu, mkono haujakosea.

Sasa kofia. Kofia hushoni ukiwa umeiweka sentimita 50, unashona ikiwa 30, na kwenye vitundu vidogo unaivuta mpaka 25. Chukua futikamba, kaa vile unavyokaa siku zote, mtu akupimie kutoka pembe ya jicho mpaka penye sindano. Ikiwa 30 unahitaji 3.3, una 2 zako za raha, upungufu ni 1.3, kwa hivo miwani ya +1.25 au +1.50. Ikiwa 25 unahitaji 4, upungufu 2, miwani +2.00. Na kama umebakiwa na akiba ya 3 na si 4, kwa umbali wa 30 utaenda +1.75. Kwa hivo kabla sijakuona naweza kusema utaangukia kati ya +1.25 na +2.00, lakini sikuandikii hapa, manake kuna watu wana namba ya mbali na hawajijui, jicho moja linamfichia mwenzake, na hiyo inabadilisha hesabu yote.

Ona basi ile +3.00 imekufanya nini. Miwani ya kusomea haikuzi tu vitu, inakukatia mpaka. Ukivaa +3.00 mwisho wako wa kuona wazi ni sentimita 33, baada ya hapo kila kitu ukungu, mwenye duka ukungu, sahani ukungu, mlango ukungu. Ndo kizunguzungu chako. Na kwa vile kazi iko karibu mno macho mawili yanalazimika kukutana puani muda wote, hiyo inachosha kuliko kushona kwenyewe. Ungevaa +1.50 mpaka wako ungekuwa sentimita 66 hivi, unashona, unachukua mkasi, unaangalia simu, hujavua. Mwenzako alikupa ushauri wa kununulia mtoto viatu, kwamba atakuja kukua navyo, kwa miwani haiendi hivo. Namba inapanda polepole kila miaka miwili mitatu, ukipita 60 inatulia, wengi wanaishia +2.50 au +3.00 na wakati huo utanunua nyingine inshallah. (Hizi za kutembeza si haramu, kwa mtu ambaye macho yake mawili ni sawa na hana namba ya mbali zinafanya kazi, shida ni kuzichagua kwa kusikia.)

La uvivu wa macho. Wazee wamesema walichokiona lakini sababu wameigeuza. Mtu anaanza miwani akiwa 45, akifika 50 anaona bila miwani hali imekuwa mbaya kuliko alipoanza, anasema miwani imeniharibu. Lenzi ingekauka vilevile hata angeitia miwani sandukuni. Kisha kuna jambo la pili, akishazoea kuona kitundu wazi, ule ukungu aliouvumilia miaka miwili hautaki tena, anauona sasa ndo ulikuwa ukungu kweli. Kutovaa hakukupi chochote zaidi ya kuumwa na kipaji cha uso.

Mazoezi ya kuzungusha macho, kuangalia kidole, kunawa maji ya sijui nini, hakuna hata moja lililoonyeshwa kulainisha lenzi iliyokauka. Usinunue. Matone yapo kweli, Marekani waliyaruhusu 2021, dawa yenyewe ni pilokapini ambayo sisi tunaijua miaka mingi kwenye presha ya macho, inachofanya ni kuibana mboni iwe ndogo ili karibu paonekane zaidi, kwa saa chache tu, kesho unatia tena. Inaleta kichwa kuuma kwa baadhi ya watu, na mboni ikibanwa mwanga unaingia kidogo, sasa wewe unayelalamika magharibi ndo itakumaliza kabisa. Upasuaji pia upo, lakini kwa mtu anayeona mbali mpaka Manda mimi sioni kwa nini ujitie huko.

Na hiyo magharibi tuiseme, manake nusu ya dawa yako iko kwenye taa wala si kwenye miwani. Penye mwanga mkali mboni inajibana yenyewe na ukungu unapungua bila tone lolote, gizani inafunguka na makosa yote ya lenzi yanajitokeza. Nyumba za Lamu nyingi unazijua, kuta nene, madirisha haba, chumbani saa kumi tayari kumeingia kiza. Hamisha kiti. Asubuhi kaa dakani (barazani mlangoni) au kiwandani (uani), mwanga uje kutoka nyuma ya bega la kushoto kama unashona kwa mkono wa kulia ili kivuli cha mkono kisiangukie sindano. Usiku taa ya LED yenye shingo ya kukunja, iwe karibu na kazi, chini ya usawa wa macho ili isikuchome, ile balbu ya darini haikusaidii kitu. Alafu uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe ni adui hata kwa kijana wa 20, kwa hivo tia kipande cha kitambaa cheusi ndani ya kofia pale unaposhona, vitundu vitasimama vyenyewe. Na kale kakidude ka waya ka kutungia uzi kanauzwa kwa wauza vifaa vya cherehani, nunua, muache mtoto asome.

Bifokali kwako sasa hivi sikushauri. Mbali unaona, huna haja ya miwani juu, nunua ya kazi peke yake, ile nyembamba ya nusu kioo ukitaka, unaangalia juu yake mtu akipita na salamu. Nyingine ni ngazi. Kioo cha chini cha bifokali kimepimiwa kitu kilichoko mkononi, ukiteremka ngazi za nyumba ya ghorofa, na zile za kwetu pwani zilivyo kali, unaangalia kidato kwa kioo hichohicho, unakiona ukungu na kimejongea mahali pake. Watu wanaanguka hivo. Gatini vilevile, unaingia botini maji yametoka, guu moja hewani. Siku ukija kuhitaji bifokali au progresivu (kioo kimoja kinachobadilika polepole toka mbali mpaka karibu) zoea kuinamisha kidevu mpaka kifuani ukiteremka uangalie kwa kioo cha juu, au vua kabisa. Na miwani ya kazi usitoke nayo usoni kushika usukani wa boti, sentimita 66 hazikufikishi hata kwenye omo, mbele ya boti.

Kuna mambo lakini ambayo yakitokea usiseme ni umri ukakaa. Jicho moja kupungua peke yake. Kupungua kwa ghafla, leo hivi kesho vile. Kuona miale, nzi wengi weusi kwa mpigo, au pazia linateremka upande mmoja, huyo ni wa daktari siku hiyohiyo. Maumivu na duara za rangi kuzunguka taa. Namba ya miwani kupanda na kushuka wiki kwa wiki, hapo nataka upimwe sukari kwanza kabla sijakuuzia kioo, manake sukari ikipanda lenzi inabadilika na miwani ya leo haitakufaa mwezi ujao. Presha ya macho yenyewe haina dalili, haiumi, inakula pembeni kimyakimya, na sisi watu weusi inatupata zaidi, kwa hivo ukishapita 40 hata kama huna tatizo mtu akupime ndani ya jicho, na kama baba au ndugu anayo usingoje. Na hili la mwisho linawafurahisha watu bure: mzee wa 70 aliyekuwa hasomi bila miwani ghafla anasoma msahafu bila kitu, nyumba nzima alhamdulillah, kumbe mtoto wa jicho umeanza na umeibadilisha namba yake. Naye aletwe.

Umesema kitu kwa mbali ambacho nimekisikia, hujauliza lakini. Fundi aliyeshona miaka yote bila msaada wa mtu, leo anamwita mtoto amtungie uzi, inauma, na wengine hapo ndo wanaanza kukataa kazi nzuri, wanachukua kofia rahisi rahisi za vitundu vikubwa, bei inashuka, wanasema mikono imezeeka. Mikono haijazeeka. Kule Assam, India, waliwapa miwani ya karibu wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi, wengine wakaambiwa wangoje, matokeo yakatoka 2018: waliopata miwani mavuno yao yalizidi ya wenzao kwa zaidi ya asilimia 20. Na hiyo ni kuchuma majani, si kitundu cha kofia. Mimi nawaona mafundi wanaongoja miaka mitatu minne kwa haya tu, na kazi walizozikosa humo katikati hakuna anayewalipa.

Ukienda kupimwa, popote pale, usiende mikono mitupu. Beba kofia uliyoanza, sindano, uzi, na kile kipimo cha futikamba umekiandika. Wapimaji wengi wanakupa kikaratasi cha kusoma cha sentimita 40 wanakuandikia namba ya huko, ya kusomea gazeti, nawe gazeti si kazi yako. Mwambie nataka ya sentimita 30 au yoyote uliyopata, avalishe vioo vya majaribio, ukae ushone hapohapo dakika kumi hivi, inua kichwa, chukua mkasi, rudi. Kama shingo inataka kuinama zaidi ya kawaida yako, namba ya kioo ni kubwa, ashushe robo daiopta. Ile +3.00 usiitupe, kwa kukagua fundo dogo dakika mbili inafaa, ila mkeo asije akaichukua kuchambulia mchele kisha mkagombana kwamba mchele una mawe, mpeleke naye apimwe.