Maswali yenu: "Tumesikia" si "tumekubali"

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi, na karibu nusu yake zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: nchi fulani inafanya hivi kwa sababu ya utamaduni wake, si ndiyo? Nimechagua sita.

Swali (Jang'ombe): Kwa nini Zanzibar haina mabalozi wake nchi za nje?

Mambo ya nje ni ya Muungano. Yamo katika orodha iliyo mwishoni mwa Katiba ya 1977. Nimeshalijibu swali hili mara tatu; tafadhalini, isomeni orodha hiyo kabla ya kuandika.

Swali (Wete): Nina jamaa Maskati. Wao husema Oman inapatana na kila mtu kwa sababu Waomani ni watu wapole na ni Maibadhi kwa madhehebu. Ni kweli?

Upole upo, ndugu yangu, na aliyewahi kukaa baraza moja na Waomani hatakataa. Lakini watu haohao wapole walipigana wenyewe kwa wenyewe miaka ya 1950, Imamu wa bara na Sultani wa Maskati, kisha vikaja vita vya Dhofar vilivyoendelea mpaka katikati ya miaka ya 1970. Uibadhi ulikuwepo wakati wote huo.

Chukua ramani uitazame. Mlango wa bahari wa Hormuz una Oman upande mmoja na Iran upande wa pili, na jirani wa namna hiyo humhami. Katika vita vya Dhofar, Shah wa Iran alipeleka askari kumsaidia Sultan Qaboos. Mapinduzi ya 1979 yalimwondoa Shah, bahari ikabaki palepale, na Oman ikaendelea kuzungumza na waliokuja baada yake. Mwaka huohuo, nchi nyingi za Kiarabu zilipokata uhusiano na Misri kwa sababu ya mkataba wake na Israel, Oman haikukata. Na Wamarekani na Wairani walipotaka kukutana kwa siri, kabla ya makubaliano ya nyuklia ya 2015, walikutana Maskati.

Utamaduni umesaidia katika namna ya kulifanya jambo: kunyamaza, kutotangaza, kumtilia mgeni kahawa na kumwacha aseme mpaka amalize. Kwa namna hiyo wameaminiwa. Sababu ya kutaka amani ni nyengine, na ukiyachanganya mawili hayo utashangaa siku mtu mpole atakapofanya jambo kali.

Swali (Tunguu): Chuoni tumepewa jedwali la Hofstede lenye alama za utamaduni wa Tanzania. Nilitumie katika tasnifu yangu?

Uliza kwanza alama zimetoka kwa nani. Geert Hofstede, mtafiti wa Kiholanzi aliyezilinganisha tamaduni za nchi kwa kuzipa alama, alianza na hojaji zilizojazwa na wafanyakazi wa kampuni ya IBM, baina ya 1967 na 1973. Katika hesabu zake Tanzania haikusimama peke yake: ilitiwa fungu moja na Kenya, Ethiopia na Zambia, likaitwa Afrika Mashariki. Mtu wa Addis Ababa, wa Lusaka na wa Makunduchi wakapewa alama moja. Litaje jedwali, lakini usilijengee nyumba. Huniuma kuona kijana aliyelelewa Makunduchi, aliyeshuhudia Mwaka Kogwa tangu utotoni, anaanza kazi yake kwa namba za wafanyakazi wa IBM badala ya aliyoyaona kwa macho yake.

Swali (Mkoani): Wachina hawaingilii mambo ya ndani ya nchi nyengine kwa sababu ya mafundisho ya Confucius. Niko sahihi?

Hapana. Wachina walitujengea reli ya TAZARA baina ya 1970 na 1975. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1974, serikali ya China ilikuwa inaendesha kampeni nchi nzima ya kumlaani Confucius. Vipi awe ndiye mwongozo wao huku, ilhali kwao anashutumiwa hadharani? Kutoingiliana kulitajwa katika zile kanuni tano ambazo China ilikubaliana na India mwaka 1954, na nyuma yake kuna karne nzima ya China kulazimishwa mikataba na mataifa ya Ulaya, tangu 1842. Aliyeumwa hivyo hukumbuka. Leo Confucius amerudi na taasisi za lugha zina jina lake. Serikali huchagua katika utamaduni wake kile kinachoifaa wakati huo, na hilo halina mwenyewe. Hata sisi tunalifanya.

Swali (Nungwi): Nafanya kazi hotelini. Wageni wa Ulaya hutaka "ndiyo" au "hapana". Nikisema inshallah, kesho yake wanakasirika. Hawana adabu?

Wana adabu yao. Edward Hall, aliyefundisha wanadiplomasia wa Marekani miaka ya 1950, alieleza kwamba wapo watu wanaotia maana yote ndani ya maneno, na wapo wanaoiacha nusu katika hali: nani anasema, kwa sauti gani, baada ya kimya cha muda gani. Sisi wa visiwani ni hao wa pili. Kumwambia mgeni "hapana" usoni tunaona haya, basi tunasema "tutaangalia". Yeye anakwenda kulala akijua ameahidiwa. Mwambie, "Leo haiwezekani, njoo kesho saa nne." Hutakuwa umewavunjia heshima wazee wako.

Hili halikomei hotelini. Niliwahi kuhudhuria kikao cha kijiji kimoja cha mashariki ya Unguja, wageni wa mradi wakitaka eneo la pwani ambako wanawake wanalima mwani. Walieleza kwa saa nzima. Wazee wakatazamana, mkubwa wao akasema, "Tumesikia." Mkalimani akaandika kwamba kijiji kimekubali. Kila mtoto pale alijua "tumesikia" maana yake ni "tuacheni tukazungumze wenyewe". Vigingi vilipochomekwa, watu walishangaa na wageni nao wakasema wamegeukwa. Mimi nilikuwepo, nililijua neno, na sikunyanyua mkono. Mpaka leo linanikera moyoni.

Swali (Chake Chake): Mwalimu wa historia skuli alitutajia mkataba wa Wuchale. Neno moja laweza kuleta vita?

Laweza kutumiwa kuvileta. Mwaka 1889 Menelik wa Ethiopia na Italia walitia saini mkataba wa lugha mbili. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema Menelik anaweza kuwatumia Waitaliano kuzungumza na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano kilimfunga kupitia kwao. Italia ikautangazia ulimwengu kwamba Ethiopia iko chini yake. Menelik akaukana mkataba, na tarehe 1 Machi 1896 Waitaliano wakashindwa vitani huko Adwa.

Wapo wanaoiita habari hiyo kutoelewana kwa tamaduni. Mimi sikubali. Iwe tafsiri ilikosewa au ilipindwa, Italia ilitaka ardhi na ikalishika neno lililoifaa. Agosti ya mwaka huohuo Waingereza waliipiga mizinga kasri ya hapa mjini, kwa muda usiotimia saa moja, na hapakuwa na tafsiri ya kugombania: walitaka Sultani wamtakaye wao.

Hukuniuliza, lakini wafikishie wazee wako. Anayeletewa karatasi ya kukodisha kiwanja cha pwani kwa lugha asiyoisoma, aombe na ya Kiswahili. Kisha atafute kifungu kinachosema ni maandishi yepi yatakayoshika ikitokea tofauti. Kama hakimo, asitie saini siku hiyo, hata kama mgeni kaja na sheha, kaja na zawadi, na gari linamngoja nje.