Ukileta moteri ya turbo, leta na freni zake

Kijana anasimama mbele ya garaji yetu hapa Bukavu, nyuma ya kamioneti kuna moteri imefunikwa kwa hema. Macho yanamng'aa. "Mzee, nimepata ya Starlet GT, ile ya turbo. Tunaiweka lini?" Swali langu huwa lile lile: "Mdogo wangu, freni zake ziko wapi?" Hapo hunyamaza, maana pesa yote imeishia kwenye moteri.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza ufundi, na ninyi wenye Toyota Starlet ya kawaida mnaotaka kuipa nguvu. Kazi hii naipenda sana, na sitaki mtu aiingie akidhani ni kutoa moteri moja na kutia nyingine.

Starlet za kizazi kile kilichotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1995 zilikuwa za daraja nyingi. Ya juu ilikuwa GT Turbo yenye moteri 4E-FTE: sentimita za ujazo 1331, nguvu za farasi 135, na turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa moteri ili kuisukumia hewa zaidi. Ya chini kabisa ilikuja kavu, vioo vya kuzungusha kwa mkono, bila klimatizeri, bila mapambo. Watu huidharau, lakini mimi ndiyo ninayoitafuta. Kila kitu ambacho haina ni kilo ambazo hutazibeba kwenye mlima. Piga hesabu: gari la kilo 850 lenye farasi 135, kila farasi anavuta kilo 6.3. Lishushe hadi kilo 770, kila farasi anavuta 5.7. Moteri ni ile ile, lakini utaisikia ukipanda kwenda Kadutu.

Na sisi tuko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake kabla hujawasha hata taa. Turbo inarudisha sehemu kubwa ya hiyo hewa. Ndiyo maana mabadiliko haya yana faida kubwa zaidi kwetu kuliko kwa mtu anayeishi pwani.

Kuna wanaotaka njia ya mkato: kubaki na moteri ya kawaida, 4E-FE, na kuifungia turbo. Msifanye hivyo. Ile ya kawaida inabana mchanganyiko wa hewa na esansi mara 9.6, ya GT mara 8.2 tu, kwa sababu turbo yenyewe imeshabana hewa tayari. Ukiifungia turbo bila kujua unachofanya, mchanganyiko utalipuka ovyo ndani, moteri itagonga hadi ivunjike.

Sasa niwaambie kosa langu mwenyewe. Gari la kwanza nililobadilisha lilikuwa la kabireta, ile ya zamani ambayo moteri inajivutia esansi yenyewe, si injeksheni inayopuliza esansi kwa shinikizo. Nilitia moteri ya GT, nikafunga pompa ya esansi ya kuokota, iliyotoka kwenye gari jingine dogo la injeksheni. Lilikuwa linawaka vizuri, linatembea vizuri mjini, nikajiona fundi. Siku ya tatu nikalikanyaga kupanda kutoka upande wa Ruzizi. Katikati ya mlima nikasikia mlio kama changarawe ndani ya kopo. Nilidhani ni kitu kimelegea, nikaendelea kukanyaga. Nilipofungua moteri, pistoni ya tatu ilikuwa imeyeyuka ukingoni, tundu la kupitisha kidole. Pompa ile ilitosha gari likitembea polepole. Turbo ilipoanza kusukuma hewa nyingi, esansi haikufika ya kutosha, moto ukawa mkali kupita kiasi. Kabireta inahitaji shinikizo dogo, chini ya bar moja. Injeksheni inataka karibu bar tatu, na ya turbo inataka pompa inayoweza kushika shinikizo hilo wakati wa kukanyaga. Tangu siku ile siwashi moteri ya namna hii bila pompa ya GT yenyewe, filta mpya, na mpira wa kurudisha esansi kwenye tangi.

Kwa hiyo ukiweza, usinunue moteri peke yake. Nunua nusu nzima ya mbele ya gari, ile inayokatwa nyuma kidogo ya tabulo. Humo unapata buati ya vitesi, kardani, radiateri, kompyuta ya moteri, nyaya zake zote na freni. Pompa ya esansi haimo, inakaa kwenye tangi nyuma, basi iombe pembeni kabla ya kulipa. Angalia pia upande wa volani. Nusu hizi zinatoka Japani, volani kulia. Kama karoseri yako ni ya volani kushoto, mambo mengi ya pedali na usukani hayatakaa mahali pake.

Kabla ya lolote, piga karoseri. Gari jepesi lenye kutu ni jeneza jepesi. Chukua turnevisi, gonga pale juu amortiseri za mbele zinapofungwa na pale moteri inaposhikwa. Ikitoboa, acha.

Kazi inayokula siku ni nyaya. Moteri inaingia kwa siku moja ukiwa na watu wawili na palan ya kuinulia. Nyaya zilinichukua wiki nzima mara ya kwanza, kwa sababu nilizikata kwa haraka nikasema nitakumbuka. Leo sikati hata moja. Kila soketi ninayoichomoa naizungushia kipande cha skoci nyeupe, naandika kwa kalamu: "joto la maji", "injekta 2", "taa ya mafuta". Mdogo anayejifunza kwangu anaandika hivyo hivyo kwenye daftari, na anachora ilikuwa upande gani. Kama mnatia nyaya za GT ndani ya karoseri ya kabireta, msichanganye nusu hizi na nusu zile. Toeni za zamani upande wa moteri, tieni za GT zote, kisha muunganishe zile chache za taa na mishale ya tabulo.

Tuje kwenye freni. Weka disk ya mbele ya gari la kawaida mezani, weka ya GT pembeni. Ya kawaida ni bamba moja jembamba. Ya GT ni mabamba mawili yenye nafasi ya hewa katikati, ili joto litoke. Ukitelemka na gari lenye farasi 135 kwa bamba lile jembamba, freni zinachemka na pedali inaingia hadi chini. Hamisha disk, kaliperi, pompa kuu ya freni na busta yake, ile inayosaidia mguu kukanyaga pedali. Jaribu rimu kwanza, maana ndogo inaweza kugusa kaliperi.

Na msilinyonyoe gari kama kuku. Kiti cha nyuma, gurudumu la akiba, mazulia: ukivitoa vyote nyuma inakuwa nyepesi mno, na kwenye tope la mfinyanzi ukifunga freni, magurudumu ya nyuma yanajifunga kwanza na gari linageuka. Mimi naacha kiti. Mikanda na vyuma vya milango sigusi kamwe.

Esansi nunueni kituoni. Ya chupa za kando ya barabara, kwa vijana tunaowaita Kadhafi, huwezi kujua imechanganywa na nini, na turbo haisamehe. Namba mpya ya moteri ipelekeni ikaandikwe kwenye karti roze, hati ya gari, kabla polisi hajaiuliza.

Siku ya kuwasha, mimina mafuta ya moteri kwa mkono ndani ya tundu la turbo la kuingizia mafuta. Chomoa soketi za injekta na za moto, zungusha moteri kwa starta hadi taa ya mafuta izimike, ndipo urudishe soketi na kuwasha. Ukirudi kutoka mlimani usizime papo hapo. Iache ipumue dakika moja.

Safari ya kwanza ni ya kutelemka polepole. Funga freni mara kumi, simama mahali tambarare, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu ya mbele. Joto liwe sawa pande zote. Ikiwa moja inaunguza na nyingine ni ya uvuguvugu, kaliperi imeng'ang'ania. Rudisha gari garaji, siku ya kupanda mlima bado.