Jibu: Springi za nje, zinki ya umeme inatosha?

Mkuu, kwa springi ya waya wa milimita 2 inayobanwa na kuachiwa kwenye mvua, zinki ya umeme (zinki inayopakwa kwenye beseni kwa mkondo wa umeme) ningeiweka mwisho kabisa. Ubaya wake ni hidrojeni: asidi ya kusafishia na beseni la umeme huiingiza ndani ya chuma kigumu, kisha springi inakatika ghafla ikiwa imebanwa tu, bila hata doa la kutu. Ukilazimika, zioke ili hidrojeni itoke, kwa nyuzi 190 hadi 220 za Selsiasi, ndani ya saa 4 tangu zitoke beseni, kwa saa 8 au zaidi. Kromati, tabaka jembamba la kulinda zinki, ipakwe baada ya kuoka. Joto hilo huiharibu.

Bora ni mipako ya chembe bapa za zinki na alumini, isiyotumia umeme. Sisitiza wasafishe kwa kupuliza chembe ngumu, si kwa asidi, la sivyo umerudi palepale kwenye hidrojeni.

Kuchovya kwenye zinki iliyoyeyuka, sahau: nyuzi 450 zinalegeza waya. Rangi ya unga (inayopuliziwa ikiwa kavu kisha kuokwa) hubanduka mizunguko ya waya inapogusana.

Kama kuna chumvi, hamia chuma cha pua cha daraja la 302, ila kokotoa upya: kwa vipimo vilevile ukakamavu (nguvu inayohitajika kuibana) hushuka kama asilimia 13 kuliko waya wa kawaida wa springi.