Farasi Watatu wa Bei Rahisi

Swali: Docta, jambo. Niko na shamba ya hekta 12 kwenye barabara ya Kasenga, nafuga mbuzi na wanaenda vizuri. Mzungu mmoja anahama Lubumbashi na anauza farasi watatu wa kupanda, wazee kidogo, bei si kubwa. Mwanangu anasoma Ubelgiji, ananiambia kule nyama ya farasi inauzwa bila shida. Nikiwanunua hao, nichinje mmoja na kuzalisha wengine kwa ajili ya nyama, itanilipa? Nyama yenyewe ina ubaya? Na kwa nini watu wa hapa wakisikia tu wanatema mate?

Jibu: Papa, nianze na hao watatu, maana mengine yanaweza kungoja. Usimchinje hata mmoja.

Ubaya hauko kwenye nyama ya farasi, uko kwenye maisha waliyoishi hawa. Nimetibu farasi wa kupanda hapa mjini miaka kadhaa. Farasi mzee akiamka anachechemea, anayemtunza haniiti mimi kwanza. Anapasua pakiti ya unga mweupe, anauchanganya na pumba na molasi kidogo ili uchungu usisikike, na kufika mchana farasi anakimbia kama kijana. Unga huo ni fenilbutazoni, dawa ya maumivu ya viungo. Kwa farasi ni dawa nzuri sana. Kwa mtu anayekula nyama yake, mara chache lakini kweli, inaweza kuharibu uboho wa mifupa, mwili ukashindwa kutengeneza damu. Kupika si njia ya kuiondoa. Ndiyo maana katika nchi za Umoja wa Ulaya kila farasi ana pasipoti yake, na aliyepewa dawa hiyo hata mara moja anaandikwa humo kwamba haliwi mpaka afe. (Ndiyo, pasipoti. Kuna watu wengi hapa Lubumbashi ambao hawajawahi kuwa nayo.) Huyo mzungu wako akikuonyesha daftari la matibabu, utaona mwenyewe. Asipokuwa nalo, hesabu kwamba walipewa.

Sasa biashara. Farasi si ng'ombe asiye na pembe. Ng'ombe na mbuzi wanacheua, majani yanavunjwavunjwa tumboni kabla ya kufika kwenye utumbo. Farasi hacheui; majani yake yanachacha nyuma kabisa, kwenye utumbo mpana, na sehemu ya faida inatoka na mavi. Anafidia kwa kula mfululizo, hata saa 16 kwa siku. Mwenye kilo 450 anataka kama kilo 10 za majani makavu kila siku, na majani yako ya mwezi wa nane, baada ya moto kupita, unayajua kuliko mimi. Mimba yake ni miezi 11, mtoto mmoja. Mbuzi wako anabeba miezi mitano na mara nyingi anazaa mapacha. Na majike wazee wakati mwingine hata mimba hawashiki.

Utauliza, basi Wakazaki wanawezaje? Kule Kazakhstan farasi ndiye nyama ya heshima, mgeni wa maana anapewa "kazy", ile soseji nene ya nyama na mafuta ya mbavu, na maziwa ya jike yanachachushwa yakawa kumisi. Siri yao ni theluji. Wakati wa baridi farasi anaifukua kwa kwato mpaka apate majani chini, jambo ambalo ng'ombe hawezi, na kondoo wanamfuata nyuma wakila alipofukua. Kwa hiyo kule farasi anajilisha wakati wanyama wengine wanalishwa. Katanga haina theluji, Papa. Farasi wako hatakuwa na kitu chochote anachomshinda ng'ombe.

Halafu kuna magonjwa. Mbung'o wanaleta nagana, na farasi anaangushwa nayo haraka. Kuna pia tauni ya farasi ya Afrika, virusi vinavyobebwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma watu jioni bila kuonekana. Farasi asiyechanjwa akishikwa na aina yake kali, mapafu yanajaa maji, povu linatoka puani, na wengi wao hawaponi. Wale wa mjini wanafungiwa bandani kabla jua halijazama na wanachanjwa. Hiyo ni gharama nyingine ambayo mbuzi hakudai.

Na hapo ndipo ninapojibu swali lako la tatu. Watu wanasema kwetu farasi ni mwiko. Mimi sikubali. Mwiko ni kitu cha mnyama unayemjua: ukoo fulani hauli mnyama fulani kwa sababu kuna habari kati yao. Farasi hakuwahi kufika huku kwa wingi hata tukafanya naye habari; mbung'o na visubi walimzuia. Angalia hata jina. Farasi ni neno la Kiarabu. Kilingala kinamwita mpunda, jina ambalo kwetu ni la mnyama mwingine mwenye masikio marefu. Tunachosikia hapa ni kinyaa cha kitu kigeni, na kinyaa hicho ni chepesi.

Niliona jambo hili mezani. Mbelgiji mmoja tuliyefanya naye kazi alirudi likizo na nyama ya moshi, vipande vyembamba kama karatasi, vyekundu vya kukaribia weusi. Tulikula na mkate. Ni tamu kidogo, haina mafuta mengi. Dereva wetu alichukua kipande cha tatu ndipo akauliza ni ng'ombe wa aina gani. Aliposikia ni farasi hakutapika, hakupiga kelele. Aliuliza swali moja: "Kwato zake zimepasuka?" Hazijapasuka. "Na anacheua?" Hacheui. Akarudisha kipande kwenye sahani. Ni Muadventista, na Walawi sura ya 11 anaijua kuliko mimi. Mlinzi, ambaye ni Mwislamu, naye alisita, lakini alipofika kwa shehe wake aliambiwa kwamba katika hadithi za Mtume za vita vya Khaybar punda wa kufugwa ndiye aliyekatazwa na farasi akaruhusiwa, ingawa wafuasi wa imamu Abu Hanifa wanaona kumla ni makuruhi. Wengine wote walimaliza sahani.

Wazungu wenyewe ndio wenye mwiko wa kweli. Mwaka 732 Papa Gregori wa Tatu alimwandikia mmisionari Bonifasi huko Ujerumani akomeshe ulaji wa farasi, kwa kuwa aliuona ni wa wapagani. Ufaransa iliruhusu mabucha ya farasi mwaka 1866 tu, na mmoja wa waliopigania jambo hilo alikuwa daktari wa mifugo wa jeshi, Émile Decroix, aliyetaka maskini wa Paris wapate nyama badala ya farasi waliochoka kazi kutupwa. Waingereza mpaka leo hawataki. Mwaka 2013 ilipogunduliwa kwamba vyakula vilivyoandikwa "ng'ombe" vilikuwa na farasi ndani, nchi nzima ilishtuka. Walidanganywa, hilo ni kosa. Lakini nguruwe asingewaumiza hivyo. Kwao farasi ana jina, na mwenye jina hapikwi.

Nyama ya farasi aliyelelewa kwa kuliwa ni nzuri, ina madini ya chuma mengi. Ukiikuta safarini kwa mwanao, kula, ila iive kabisa: tangu mwaka 1975 Ufaransa na Italia wameugua watu wengi kwa minyoo ya trikinela iliyotoka kwenye nyama ya farasi isiyoiva.

Pesa yako ipeleke kwenye mbuzi. Kama bado unawataka hao watatu wavute mkokoteni au wajukuu wawapande, ni sawa, lakini niite kabla hujalipa. Nitataka kuona kwato na meno, na utafute tochi nzuri, kwa sababu magego ya farasi yako mbali sana mdomoni.