Ukiwafungulia nyumba wanafunzi wa filamu

Mara ya kwanza niliambiwa watakuja watu watano. Saa kumi na mbili asubuhi nikahesabu kumi na wanne mlangoni, na waigizaji walikuwa bado njiani. Mwongozaji hakunidanganya. Alijihesabu yeye na wenzake wa darasani, akawasahau watu wa taa, wa sauti, wa mavazi na yule aliyeleta gari. Nimewapokea wanafunzi mara kadhaa tangu siku hiyo, na nitaendelea, maana najua wanavyohangaika kupata nyumba ya kurekodia. Ila sasa siku hizi naomba majina yote mapema.

Naomba pia skripti, tena niisome mwanzo hadi mwisho. Niliwahi kuelezwa kwamba ni maongezi tu ya mama na binti mezani, kumbe mwishoni kuna damu. Damu ya bandia mara nyingi ni sharubati na rangi ya chakula: sukari inatoka kwa maji, rangi ikishaingia kwenye zulia haitoki kirahisi. Kama kuna kisu, bunduki ya bandia au mayowe, wapitie majirani siku moja kabla, wasije wakaita polisi.

Umeme ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote. Taa moja ya wati 2000, zile za zamani zenye joto kali, kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 9. Chomeka mbili kwenye ekstensheni moja ya ampea 13, umeshavuka mpaka. Niliwahi kushika waya uliobaki umeviringishwa kwenye gurudumu lake, nikautupa kwa jinsi ulivyounguza. Tangu hapo nawaonyesha soketi za kila chumba na swichi kuu ilipo, na ninauliza nani anasimamia umeme. Kama hayupo wa kujibu, walete taa za LED, zinakula kidogo sana.

Kuhusu karatasi: mkataba mfupi wenye tarehe, saa ya kumaliza na vyumba watakavyotumia. Omba pia hati ya bima ya chuo inayotaja anwani yako. Vyuo vingi vinayo, wanafunzi tu hawajui kuiomba. Piga video ya kila chumba kabla hawajagusa kitu. Ondoa ukutani picha za familia yako, na chumba kimoja kifunge kabisa.

Utepe wa kawaida wa gundi unang'oa rangi ya ukuta. Jaribu kwanza nyuma ya mlango. Miguu ya stendi za taa ivalishwe mipira ya tenisi iliyopasuliwa.

Halafu friji. Mtu wa sauti ataomba izimwe kwa sababu inanguruma, na wakati wa kuondoka hakuna anayeikumbuka. Wenye uzoefu huweka funguo za gari ndani yake. Bila kufunguliwafunguliwa, chakula kinakaa salama kwa muda wa saa nne hivi, kwa hiyo tukio la jikoni lirekodiwe kwa mfululizo. Mwisho kabisa, mtu wa sauti atawaomba wote mtulie nusu dakika arekodi ukimya wa chumba, wa kuzibia mapengo wakati wa kuhariri. Simama nao, usipite. Akisema asanteni, mwenye gari akafuate funguo zake, na friji iwashwe.