Kabla hujamfukuza "anayevua samaki tu", soma hii

Juzi usiku kuna dogo kanitumia meseji, anasema kaka sisi tupo wanne tunacheza Old School RuneScape, ile gemu ya mtandaoni, mmoja wetu mvivu balaa, kila tukiingia yeye anavua samaki na kupiga stori, tumfukuze au tumvumilie? Nimeisoma mara tatu. Mwaka juzi mimi ndo nilikuwa najiuliza swali hilohilo, na jibu nililojipa liliniharibia kila kitu.

Tulikuwa watano. Wawili wa Dar, jamaa wa Arusha, jamaa wa Mwanza na dada mmoja wa Nairobi, tulikutana hukohuko kwenye gemu. Tukafungua Group Ironman, ile iliyotoka 2021, kwa asiyeijua ni kwamba hamnunui kitu sokoni wala kwa mchezaji wa nje, mnachokula na kuvaa mnakitafuta wenyewe, mnapeana nyie kwa nyie na mna stoo moja ya pamoja. Mimi nikajifanya kiongozi, hakuna aliyenichagua.

Mimi ni mtu wa namba. Ile gemu inahesabu kila sekunde 0.6, na nilijifunza kubonyeza kwa kufuata huo mdundo mpaka kidole gumba kikawa kinauma, daftari pembeni naandika XP, yaani pointi za uzoefu, kwa saa. Kufika levo 99, ya juu kabisa kwenye kila fani kama kuvua au kukata miti, unahitaji XP 13,034,431, halafu ukiwa levo 92 ndo kwanza upo nusu ya safari, sasa mtu wa aina yangu akimuona mwenzake anaenda taratibu anaumia kifuani kabisa, sitanii.

Yule dada yeye alikuwa anakaa Musa Point kule Karamja, kisiwa cha humo kwenye gemu (jina lenyewe kama la kwetu pwani), anavua kambakoche. Mmoja XP 90. Begi likijaa anapanda meli kwenda Port Sarim, nauli sarafu 30, anapeleka mzigo, anarudi. Muda wote huo anachati, anamuuliza jamaa wa Mwanza mtoto ameshapona homa, anamkumbusha wa Arusha kesho ana mtihani. Nikamwambia nenda Otto's Grotto, samaki wa kule unawatupa palepale na XP inapanda haraka. Akasema sawa kaka. Kesho yake yupo Musa Point. Nikamwandikia mbele ya wote: "Wewe ni mzigo kwenye hili kundi." Hakujibu kitu. Akatoka.

Wiki haijaisha tukapanga kwenda kupiga bosi, yaani adui mkubwa wa gemu, nafungua stoo nichukue chakula, nakuta kambakoche wanne. Wanne tu! Kila kambakoche anakurudishia damu 12, na miezi yote ile tuliyokuwa tunajisifu kwa mapigano, kumbe tulikuwa tunakula jasho la yule dada, alikuwa anavua, anapika, anaweka stoo, anarudi kwenye stori zake. Mimi kiongozi na daftari langu sikuwahi kujiuliza chakula kinatoka wapi.

Baada ya hapo kundi likapoa, mmojammoja wakapotea. Siku nimefika 99 ya kukata miti fataki zikaruka juu ya kichwa cha mtu wangu, nikabaki naitazama chati nikisubiri mtu aandike hongera. Kimya.

Kuna Muingereza anaitwa Richard Bartle, yeye na Roy Trubshaw ndo waliotengeneza MUD pale chuo kikuu cha Essex mwaka 1978, gemu ya maandishi matupu ambayo hizi zetu ni wajukuu zake. Mwaka 1996 aliandika kwamba wachezaji wapo aina nne: wanaotafuta mafanikio, wanaopenda kutalii ile dunia, wanaotafuta watu, na wanaopenda kuwashambulia wenzao, na aina moja ikizidi au ikipungua wengine wote wanaguswa. Mimi nilidhani aina ni moja tu, yangu.

Kwahiyo ndugu zangu, kabla hamjafungua kundi ulizaneni kila mtu anataka nini humo ndani. Uliza, usidhanie. Na mkishaanza uliza tena, maana watu hubadilika, kuna mwenye mtoto mchanga, kuna anayetoka kazini saa mbili usiku amechoka anataka sauti za watu tu. Tuache hii tabia ya kupima wenzetu kwa rula zetu, yani mtu analipia bando lake na muda wake halafu wewe unamtukana sababu hakimbii kama wewe, huo si uongozi, ni kiburi, na nakwambia kama mtu ambaye kiburi hicho kilimpotezea rafiki wa kweli.

Dogo, ingia leo, fungua stoo yenu uangalie chakula kaweka nani. Mimi yule dada nilimwandikia msamaha mwezi wa tatu. Tiki zimegeuka bluu, jibu hakuna. Wa kwako bado yupo hapo anavua.